Fundi Saa wa Osaka

Kwa Kiswahili saa hupiga, ngoma hupigwa. Ikutaro Kakehashi hakuijua lugha yetu, ila maisha yake yote aliyaishi katikati ya vitenzi hivyo viwili.

Alizaliwa Osaka mwaka 1930, na hakuwa ametimiza miaka mitatu kifua kikuu kilipomfanya yatima. Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha akawa fundi saa kisiwani Kyushu, angali kijana, bila cheti cha chuo chochote. Kifua kikuu kikamrudia yeye mwenyewe, kikamlaza hospitalini kwa miaka, hadi alipookolewa na streptomaisini, dawa iliyokuwa bado ngeni Japani. Alipotoka, alifungua duka la kutengeneza redio, akahamia kwenye vinanda vya umeme, na mwaka 1972 akaanzisha kampuni ya Roland.

Mimi humpendea kazi moja: TR-808, mashine ya ngoma ya mwaka 1980. Haikurekodi ngoma ya mtu yeyote. Kila mlio ulifinyangwa na umeme wenyewe ndani ya sakiti, na baadhi ya milio ilitegemea transista mbovu, zile ambazo mwingine angezitupa jalalani. Kakehashi alizinunua makusudi, kwa kuwa zilichacharika kama mafuta yanapoanza kuchemka. Hilo ni sikio la mtu aliyezoea kuinamia saa iliyoharibika: husikiliza kwanza, huhukumu baadaye.

Waliotaka ngoma ya kweli waliidharau. Mwaka 1983 utengenezaji ulisimama, mashine zikiwa zimetoka kama 12,000 tu. Bei ya mitumba ikashuka, vijana wa Marekani wasio na fedha wakazichukua, na lile besi zito linalovuma kifuani likawa uti wa mgongo wa hip hop. Mwimbaji Marvin Gaye alikuwa ameshaitumia mashine hiyo mwaka 1982, kwa upole mno.

Mwaka huohuo wa 1983, Kakehashi na Mmarekani Dave Smith wakawapa watengenezaji wote MIDI, lugha ya pamoja ya vyombo, bila kudai malipo. Chungulia nyuma ya kinanda cha zamani kidogo cha taarabu, harusini, uone tundu la mviringo lenye vitobo vitano. Mashine inayoongoza hutuma humo ishara 24 kwa kila pigo, nyingine zikafuata. Wapambe wanacheza, bi harusi kainamisha uso, na kwenye waya saa inapiga.