Tanuri la Karagwe na hesabu ya moja, tatu, mbili, tatu

Rumanyika, mtawala wa Karagwe aliyempokea msafiri Speke mwaka 1861, alikuwa na hazina ya vitu vya chuma, wakiwemo ng'ombe wadogo wa kufuliwa. Mwanafunzi wa leo wa Kayanga au Kyerwa hukutana na chuma hicho ubaoni:

Fe₂O₃ + 3CO → 2Fe + 3CO₂

Wengi hukariri moja, tatu, mbili, tatu kama namba ya simu. Hakuna haja. Kila CO huondoka na oksijeni moja tu, na Fe₂O₃ inazo tatu. Basi CO zinahitajika tatu. Kosa la kawaida ni kuchezea namba ndogo za chini ili hesabu ikae. Ukiandika CO₃ mahali pa CO₂, hujasawazisha, umebuni hewa nyingine.

Tanuri lenyewe halirukii mwisho. Linapokonya oksijeni kwa awamu:

3Fe₂O₃ + CO → 2Fe₃O₄ + CO₂
Fe₃O₄ + CO → 3FeO + CO₂
FeO + CO → Fe + CO₂

Zidisha mstari wa pili kwa 2 na wa tatu kwa 6, kisha jumlisha. Fe₃O₄ na FeO zinafutana pande zote, zinabaki 3Fe₂O₃ + 9CO → 6Fe + 9CO₂. Gawanya kwa 3, umerudi ubaoni. Mizani inakubali: gramu 160 za oksidi na 84 za CO huzaa gramu 112 za chuma na 132 za CO₂, 244 kila upande.

Ila mlinganyo huu umesahau mchanga. Mawe ya chuma huja na silika, nayo hudaka FeO kabla haijawa chuma:

2FeO + SiO₂ → Fe₂SiO₄

Hayo ndiyo mavi ya chuma. Kila gramu 60 za silika zinazoungana hivi huzika gramu 112 za chuma. Si hasara tupu: mavi hayo huyeyuka kwenye nyuzi 1200 hivi, wakati chuma husubiri 1538, kwa hiyo uchafu unatiririka na kuacha bonge la chuma la kufuliwa.

Jirani upande wa Buhaya, wazee waliwaonyesha watafiti Peter Schmidt na Donald Avery namna ya kuyeyusha chuma. Maelezo yao yalitoka katika jarida la Science mwaka 1978. Shimo la tanuri lilijazwa nyasi za kinamasi zilizochomwa zikawa kaa. Nadhani hapo ndipo ufundi wenyewe ulipo, kuliko kwenye mivukuto inayosifiwa sana. Mavi yenye FeO yakidondokea kwenye nyasi zile, kaboni hunyakua oksijeni:

FeO + C → Fe + CO

Moja kwa moja kila upande, hakuna cha kuzidisha, na CO iliyozaliwa inapanda juu kukutana na mawe mengine.