Nyumba ya Mbogani na Jiko Lake

Wakristo wetu wa Goma wapatao safari ya Nairobi, wakiwa wanafunzi, watawa au makatekista waliotumwa mafunzoni, mara nyingi hufikia upande wa Langata na Karen, kwa kuwa huko ndiko ziliko nyumba nyingi za mashirika, na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki pia. Wakaapo huko siku mbili tatu, wenyeji wao huwaambia wasirudi Kongo bila kuiona nyumba ya Karen Blixen. Nasi tuliambiwa hivyo, tukaenda. Wako waisifuo nyumba ile kupita kiasi, na wako wailaanio. Twaona yafaa kuipima polepole, maana watoto wetu nao watapelekwa huko, na atakayewatangulia hana budi kujua awaonyeshe nini.

Kwanza habari zenyewe. Nyumba ilijengwa mwaka 1912 na mhandisi Mswidi, Åke Sjögren, karibu na vilima vya Ngong. Mwaka 1917 ikawa ya Bror Blixen, naye Mswidi, na mkewe Karen, mwanamke wa Denmark. Walikuwa wamefunga ndoa Mombasa mwezi wa Januari 1914. Wakaiita Mbogani. Ndoa ikavunjika, bwana akaondoka, bibi akabaki na shamba. Ardhi ilikuwa ekari 6,000 hivi, na kahawa kama ekari 600. Lakini kahawa haikupapenda mahali pale, ni juu mno na baridi ni nyingi. Mwaka 1923 kiwanda chake kikaungua. Na mwaka 1931 fedha zikawa zimekwisha kabisa. Shamba likauzwa, likakatwa viwanja, na mtaa wa matajiri uliokuja kusimama pale ukaitwa Karen hata leo. Mwenyewe alirudi kwao akaandika kitabu cha kumbukumbu zake, kikatoka mwaka 1937, kikamletea jina duniani kote. Alifariki mwaka 1962.

Mwaka uliofuata Kenya ilipata uhuru. Ndipo serikali ya Denmark ikainunua nyumba mwaka 1964, ikaitoa kwa serikali ya Kenya iwe zawadi ya uhuru. Hapa msomaji na asimame kidogo. Ardhi iliyokuwa malisho na mashamba ya Wamasai na Wakikuyu ilitwaliwa, ikalimwa na wageni, ikauzwa, ikakatwakatwa. Na kipande chake kimoja kikarudi kwa wenyewe kikiwa zawadi, nao wakasema asante. Hatusemi Wadenmark walikuwa na nia mbaya. Twasema tu kwamba jambo kama hili latosha kumfanya mtu atabasamu peke yake mlangoni.

Kwa miaka kadhaa nyumba ilitumika katika chuo cha lishe. Kisha mwaka 1985 ikatoka sinema ya Marekani yenye jina la kile kitabu, ikapata tuzo saba kubwa za Oscar, na wageni wakaanza kuuliza nyumba iko wapi. Mwaka 1986 makumbusho yakafunguliwa. Basi tukumbuke mpango huo: kitabu kwanza, sinema ya pili, makumbusho ya tatu. Nyumba haikuhifadhiwa kwa ajili ya yaliyotendeka ndani yake, bali kwa ajili ya yaliyosimuliwa juu yake.

Kazi ya matengenezo ni njema, na hapo hatuna neno. Kuta za mawe zasimama wima, baraza limetandazwa mbele ya majani mabichi, na vilima vya Ngong vyaonekana kama vilivyoonekana zamani. Mtu wa Goma ayaonapo hayo moyo wake huuma kidogo. Moto wa Nyiragongo wa Januari 2002 ulipita katikati ya mji wetu, ukalimeza hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Na juu ya mawe yale meusi wengi wetu tumesimamisha nyumba za mbao. Wako wazee wasioweza kuonyesha mlango wa baba zao ulikuwa wapi. Tulipoona kiti cha mtu aliyeondoka mwaka 1931 kimewekwa pale pale pa kukalia, hatukuweza kukidharau. Kuhifadhi ni heshima. Swali letu ni heshima hiyo apewe nani.

Katika vyumba mna vitu vya aina mbili. Vingine ni vya Karen mwenyewe kweli. Alipofilisika alimwuzia Lady McMillan, tajiri wa Nairobi, na baadaye makumbusho yakavirudisha. Vingine vilitengenezwa kwa ajili ya sinema. Viko pamoja, na jicho la mgeni haliwezi kutenga hiki na kile asipouliza. Sisi Wakatoliki jambo hili hatulioni dogo. Masalia ya mtakatifu ni masalia, na sanamu yake ni sanamu, vyote viwili twaviheshimu, lakini padre hawezi kuleta sanamu akawaambia waamini, "Huu ndio mfupa wake." Nyumba ya makumbusho nayo ina wajibu huo. Mwigizaji aliyevaa nguo za mtu mwingine mbele ya kamera hakuishi pale, wala hakupoteza shamba pale, na vazi lake halishuhudii kitu ila ufundi wa washonaji wa sinema. Kila kitu cha sinema kingepewa chumba chake, watu wakifurahie huko bila kuchanganyikiwa.

Lakini kuna jiko. Liko nyuma, limetengwa na nyumba kubwa kama ilivyokuwa desturi ya Wazungu, wasisikie moshi. Ndani mna jiko la chuma la kuni, mfano wa lile alilokuwa nalo bibi, na vyombo vya kupikia. Twalihesabu kuwa chumba chenye maana kuliko vyote, kwa kuwa hapo alifanya kazi Kamante Gatura.

Kamante alikuwa mtoto wa Kikuyu wa pale shambani, mwenye vidonda vibaya miguuni. Karen Blixen alijaribu kumtibu akashindwa, akampeleka hospitali ya misioni ya Waskoti. Akarudi amepona, tena akisema kwamba yeye ni Mkristo. Baadaye akawa mpishi, na mpishi hodari kweli: mwaka 1928 mwana wa mfalme wa Uingereza alipokuja kula chakula cha jioni Mbogani, aliyepika ni Kamante. Bibi anasimulia pia usiku wa Noeli alipomchukua Kamante kwenda Misa kwa mapadre Wafaransa. Kijana aliogopa sana, kwa maana huko kwa Waskoti alikuwa ameonywa juu ya sanamu ya mwanamke iliyomo katika kanisa la Wakatoliki. Alipoingia akaona hori la Noeli, pamoja na ng'ombe na wanyama wengine, hofu ikamtoka akafurahi. Msomaji atacheka, na sisi tulicheka. Hata hivyo ugomvi wa misioni mbili za Ulaya ulikuwa umesafiri hadi ndani ya kifua cha mtoto aliyetoka kuponywa miguu. Hilo si la kucheka sana.

Tena bibi huyu, aliyempenda Kamante kwa jinsi yake, anamfananisha mahali pamoja katika kitabu na mbwa aliyezoea kukaa na watu, amleteaye bwana wake mfupa awe zawadi. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025, alikishutumu kitabu hicho vikali kwa maneno ya namna hiyo. Wapo wanaomtetea bibi wakisema hayo yalikuwa mazungumzo ya siku zile. Utetezi huo hautushibishi. Siku zile zile kulikuwa na Injili, na Injili haikumwita mtu mbwa ila mara moja, nayo ilimalizika kwa kumsifu yule mama Mkananayo kwa imani yake kubwa. Heri Kamante alipata kusema kwa kinywa chake mwenyewe: mwaka 1975 masimulizi yake yalitolewa katika kitabu, akisaidiwa na Mmarekani Peter Beard. Mgeni aingiapo jikoni na awe amesikia habari za kitabu hicho, ajue ya kuwa mpishi naye alikuwa na mambo ya kusema juu ya bibi.

Kutoka jikoni mtu hufika kwenye jambo kubwa zaidi, nalo ni ardhi. Wakikuyu waliokaa katika shamba lile waliitwa maskwota, yaani watu waliokaa katika ardhi ya mwingine kwa ruhusa, na ili ruhusa ipatikane iliwapasa kumfanyia kazi mwenye shamba siku 180 kwa mwaka. Wengine walikuwa wamezaliwa pale kabla hajaja Mzungu yeyote. Shamba lilipouzwa walitakiwa kuondoka. Hapa tumpe bibi haki yake: alizunguka ofisi za serikali, akawaombea wasitawanywe, hata wakapewa mahali pa kukaa pamoja katika msitu wa Dagoretti. Alifanya zaidi ya wengi wa jirani zake. Lakini kuwaombea watu wapewe kipande cha nchi yao wenyewe, hilo nalo lapaswa kuandikwa ukutani kama lilivyo, wala lisipakwe asali.

Nasi wa Kivu hatuhitaji kufasiriwa maneno hayo. Mwaka 1928 Wabelgiji waliunda Comité National du Kivu, ikagawa ardhi yetu kwa walowezi wa kahawa, chai na pareto, na ugomvi wa mashamba yale unaliza watu hata leo. Ni wangapi katika parokia zetu ambao babu zao walikaa kwa ruhusa mahali walipozaliwa?

Wala tusiwanyoshee kidole walowezi peke yao. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walioanzisha misioni ya Mtakatifu Austin karibu na Nairobi mwaka 1899 walikuwa na shamba kubwa la kahawa, hata aina moja ya kahawa ya Kenya ikaitwa kwa jina la misioni ya Wafaransa. Misioni zetu nyingi zilipata viwanja kwa mkono ule ule uliowapa walowezi. Siku parokia zetu zitakapotengeneza nyumba zake za kumbukumbu, picha ya padre wa kwanza itatundikwa, na hiyo ni haki. Je, picha ya aliyempikia, na jina la aliyechoma matofali, vitatundikwa pia? Vizee wajuao majina hayo wangali hai wachache, nao waulizwe mwaka huu.

Atakayewapeleka vijana Mbogani twamshauri aanzie nyuma. Wasimame jikoni kitambo, wasimuliwe habari za Kamante na za maskwota, ndipo wapelekwe sebuleni na barazani. Mitambo ya zamani ya kahawa iliyobaki uwanjani nayo waione, wahesabu siku 180.