Mwezi mpevu mara 12, picha ileile?

Picha za mwezi mpevu za mwaka mzima zinavutia, ila nyingi zina kasoro moja: mwezi umevutwa karibu, ardhi imekatwa. Mwezi hutuonyesha uso uleule daima, kwa hiyo picha 12 zinageuka nakala tu. Sasa fikiria ukipigia kando ya Ziwa Basotu, pahali palepale, lenzi ileile, Mlima Hanang ukiwa mashariki. Mwezi mpevu hukaa mkabala na jua, hivyo Juni utachomoza kusini zaidi, Desemba kaskazini. Ukubwa wake nao hutofautiana hadi asilimia 14 hivi. Hapo mwaka unaonekana! Lakini anayebandika mwezi mkubwa kuliko Hanang amepamba picha, akafuta ushahidi.