Koti la Bardin pale Borodino

Askari wa miguu wa Ufaransa waliopigana Borodino, Urusi, tarehe 7 Septemba 1812 walivaa, kwa sehemu kubwa, koti la zamani lenye mikia mirefu. Hata hivyo, kwenye meza nyingi za michezo ya vita divisheni ya jenerali Mfaransa Compans husogea kuelekea ngome za jenerali wa Urusi Bagration ikiwa na koti fupi la kanuni ya Bardin, yaani amri mpya ya sare. Uamuzi huo ni kosa la wazi, na madhara yake hayaishii kwenye rangi, kwa sababu chanzo chake ni tabia ya kuichukua siku amri ilipotiwa saini na kuihesabu kuwa siku jeshi lilipobadili nguo.

Amri yenyewe ni ya 19 Januari 1812. Jeshi la Napoleon lilivuka Mto Neman kuingia Urusi tarehe 24 Juni mwaka huohuo. Katikati ipo miezi 5 tu, na ndani yake kitambaa kilipaswa kununuliwa, mishono mipya kusambazwa, nguo kukatwa na kushonwa kwa mkono kwenye depo za rejimenti, kisha kusafirishwa hadi zilipo batalioni za vita. Rejimenti za Marshali Davout, zikiwemo za Compans, zilikuwa Ujerumani, mbali na depo zao, tayari zikijiandaa kwa safari ya mashariki. Zaidi ya hapo, koti la askari lilikuwa na muda wake wa kutumika, na hakuna kamanda aliyelitupa kabla muda haujaisha eti kwa sababu waraka mpya umefika. Koti la Bardin lilianza kuonekana kwa wingi mwaka 1813, Napoleon alipolazimika kuunda jeshi upya, na waliolivaa hasa walikuwa makuruta.

Tofauti inaonekana hata kwenye sanamu ya milimita 28. Koti la zamani limekatwa kwa mshazari kuanzia chini ya kifua, hivyo fulana nyeupe inajitokeza tumboni na mikia inashuka hadi nyuma ya magoti. La Bardin limefungwa kwa vifungo mpaka kiunoni, kifua chake cheupe ni cha mraba, na mikia yake inaishia kwenye makalio. Shako ya zamani mara nyingi ina kamba nyeupe za kusuka zinazoning'inia upande. Kanuni mpya haikuziruhusu. Anayepaka rangi hawezi kuyarekebisha haya kwa brashi. Sanamu ikishanunuliwa vibaya, imenunuliwa vibaya.

Utetezi unaotolewa mara kwa mara ni kwamba vitani askari alikuwa mchafu, na vumbi la miezi miwili na nusu ya kutembea lilifanya koti zote zifanane. Kwa siku nyingi za kampeni hoja hiyo ina uzito. Kwa Borodino haina, kwa kuwa asubuhi ile rejimenti ziliingia vitani zikiwa zimevaa sare ya gwaride. Vishada, epoleti nyekundu za magrenadia na kamba za shako vilitolewa kwenye mikoba na kuvaliwa. Ikiwa ipo siku moja katika kampeni nzima ambayo sare kamili ya mtindo wa zamani inastahili kupakwa bila kusita, ni siku hiyo.



Tabia hiyohiyo ya kuamini karatasi huharibu muundo wa vikosi. Amri ya 18 Februari 1808 iliweka batalioni ya kombania 6, yaani 1 ya magrenadia, 1 ya mavoltija na 4 za mafuzilia, kila moja ikiwa na watu 140. Rejimenti ilipewa batalioni 4 za vita na 1 ya depo. Anayenakili hapo anaipa rejimenti ya 57 batalioni 4. Lakini rejimenti 4 za Compans, yaani ya 25, ya 57, ya 61 na ya 111, zilivuka Neman zikiwa na batalioni 5 kila moja. Kwenye meza, divisheni inapungukiwa batalioni 4 kabla kete haijarushwa. Kinyume chake, anayerudisha kombania 6 hadi Austerlitz, Desemba 1805, anasahau kwamba batalioni ya wakati huo ilikuwa na kombania 9, na kwamba askari wa mstari bado alivaa kofia pana ya pembe mbili. Shako ya mstari iliamriwa mwaka 1806. Mwaka huohuo pia iliagizwa sare nyeupe kwa baadhi ya rejimenti, kwa sababu nili ilikuwa imeadimika. Ikaachwa mwaka uliofuata, na bado wapo wanaopaka weupe brigedi nzima kwa kuwa wamesoma amri.

Ushahidi bora upo. Faber du Faur, ofisa wa mizinga wa Württemberg, alichora njiani kuelekea Moscow. Mchoraji Albrecht Adam alifuatana na kikosi cha Eugène, mwana wa kambo wa Napoleon. Wote wawili waliona kwa macho yao. Badala yao, wengi hukimbilia michoro ya Detaille, ambaye alizaliwa mwaka 1848, au ya Meissonier, aliyekuwa mtoto wa miezi 4 siku ya Waterloo. Michoro yao ni mizuri, ila shahidi wa sare ya 1812 hawezi kuwa mtu asiyeiona. Richard Knötel, aliyeanza kutoa mfululizo wake wa Uniformenkunde mwaka 1890, na Lucien Rousselot, aliyetoa karatasi 106 kuhusu jeshi la Ufaransa, walichimba nyaraka na mavazi yaliyobaki kabla ya kushika brashi. Kazi yao bado inawazidi wengi waliokuja baadaye.

Sanamu za Bardin zilizokwisha kununuliwa zina mahali pake: Lützen, Mei 1813, na hasa Leipzig, Oktoba 1813. Hata huko, koti za mikia mirefu zibaki kwa wakongwe wachache, na makoti makubwa ya kijivu na kahawia yavalishwe juu ya sare kwa walio wengi.