Baraza Lenye Magurudumu: Gari-Nyumba kwa Mstaafu Anayeanza

Hukumu naitoa mwanzoni, kwa sababu siwezi kuizuia: wastaafu wenzangu, gari-nyumba ni chombo chetu! Chetu kabisa. Kila swichi, kila kabati, kila kidaraja cha mlangoni kinamngoja mtu ambaye hana saa ya kumwamsha alfajiri wala bosi wa kumuuliza atarudi lini.

Nazungumzia haya magari ambayo Wamarekani huyaita RV, yanayojaa barabara kuu ya I-90 kila kiangazi yakielekea magharibi. Miaka yangu yote ya kazi hapa Minnesota nilikuwa nikiyapisha tu, nikiamini ni mambo ya watu wengine. Sasa nimestaafu, mke wangu naye amestaafu, tumekodi moja, tumekwenda nalo South Dakota hadi Badlands na Black Hills, na tangu tuteremke hatuna mazungumzo mengine nyumbani.

Sababu ni hii. Mtu akistaafu ughaibuni huanza kuwa mgeni wa kudumu. Leo yuko kwa mwanawe Dallas, mwezi ujao kwa binti yake Columbus, amelala chumba cha mjukuu aliyehamishiwa kwenye kochi. Wanampenda na wanampikia, lakini methali anaijua: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Gari-nyumba linamrudishia mzee uenyeji wake. Unafika na kitanda chako, sufuria zako, dawa zako na mlango wako wa kufunga. Ukiegesha uani kwa mwanao, mjukuu ndiye anayekuja kukugongea hodi, nawe ndiye unayesema karibu. Mengine yote nitakayoyasifu hapa yanatokana na hilo.

Gari lenyewe

Yako ya madaraja matatu. Daraja A lina umbo la basi, kubwa, lenye kioo cha mbele kipana ajabu. Daraja B ni vani iliyogeuzwa chumba cha kulala, jembamba, rahisi kuegesha. Daraja C ndilo lile ambalo paa lake linatokeza juu ya dereva na kubeba kitanda. Ukiacha hayo, yako matela ya kukokotwa, ambayo yanakudai uwe na pikapu yenye nguvu.

Sisi tulichukua daraja C la futi 24 hivi, lililojengwa juu ya chasisi ya Ford E-450. Injini ni V8 ya petroli, lita 7.3, na mlima ukija haipigi kelele za kulalamika. Uzito wa juu unaoruhusiwa kwa chasisi hiyo ni pauni 14,500, chini kabisa ya pauni 26,000 ambazo baadhi ya majimbo huanza kudai leseni ya pekee. Leseni yangu ile ile ya kuendea kazini ilitosha! Kamera ya nyuma inaonyesha kila kitu, vioo vya pembeni ni virefu, na kiti cha dereva kiko juu kiasi kwamba unaona ng'ambo ya mashamba ya mahindi.

Ingia ndani

Jamani, ndani! Unabonyeza kitufe, ukuta mzima unasogea nje taratibu ukiwa na kochi na meza yake, na pale palipokuwa na ujia mwembamba panakuwa sebule. Mke wangu alinifanya niufungue na kuufunga tena kwa furaha tu. Meza ya kulia inashuka na kuwa kitanda cha wajukuu. Friji inafanya kazi hata mnapokuwa njiani, na kwa wenzetu wanaotumia insulini hili si jambo dogo: dawa inakaa baridi safari nzima, bila barafu wala kubembeleza hoteli. Choo kiko hatua tatu kutoka kitandani. Kijana hawezi kujua thamani ya hatua hizo tatu saa nane za usiku.

Kuhusu kitanda nina neno la msisitizo. Chagueni gari lenye kitanda kinachofikika pande zote mbili. Yako magari ambayo kitanda kimesukumwa pembeni, na anayelala ukutani akitaka kutoka lazima amruke mwenzake. Magoti yetu yameshahudumu vya kutosha. Kitanda cha juu ya dereva nacho wapeni wajukuu, maana ngazi yake ni ya watu wa miaka kumi.

Jikoni kuna jiko la gesi lenye mafiga matatu, na nasema kwa fahari kwamba limehimili ugali. Sufuria ya wastani, mwiko mfupi, mtu mmoja ashike mpini, na ugali mgumu wa kukatika unapatikana katikati ya mbuga za South Dakota! Chapati zilitoka laini. Chai ya maziwa yenye tangawizi ilichemka tukiwa bado tunatazama ramani.

Kisha kuna maji, na hapa ndipo nilipojiona nimezaliwa kwa kazi hii. Tangi la maji safi la galoni 40 ni kama lita 150. Jirani yetu mmoja kambini alilalamika kwamba kiasi hicho hakimfikishi jioni. Sisi tuliokulia maji ya ndoo na kopo, tunaojua kujipaka sabuni bomba likiwa limefungwa, tulikaa nayo kwa raha na bado yakabaki ya kuoshea vyombo. Malezi ya uani kwa bibi ni shahada kamili ya gari-nyumba.

Barabarani

Wazoefu wana kanuni ya tatu tatu: usizidishe maili 300 kwa siku, fika kambini kabla ya saa tisa alasiri, na ulale hapo siku tatu. Ifuateni kama ilivyo. Ukifika saa tisa bado kuna mwanga wa kuona matawi ya miti juu ya paa, na bado una nguvu za kusalimiana na watu.

Na kwa mwendo huo ndipo unaviona vitu! Mjini Mitchell lipo Jumba la Mahindi, ukumbi ambao kuta zake za nje hupambwa kwa picha kubwa zilizotengenezwa kwa magunzi ya mahindi ya rangi mbalimbali, na picha hizo hubadilishwa karibu kila mwaka. Desturi hiyo ilianza mwaka 1892. Mtu aliyekula mahindi ya kuchoma maisha yake yote anasimama pale akitabasamu mwenyewe. Mbele zaidi, Chamberlain, I-90 inavuka mto Missouri, na juu ya kilima chenye maegesho ya wasafiri imesimama tangu 2016 sanamu ya Dignity, mwanamke wa makabila ya asili ya nyanda hizo, futi 50 kwenda juu, akiwa ametandaza shuka yenye nyota mgongoni. Tulikunywa chai chini yake, ndani ya nyumba yetu, dirisha likiwa wazi kuelekea mtoni.

Halafu ardhi inapasuka. Badlands! Unatoka kwenye nyasi tambarare na ghafla mbele yako ni minara na mabonde ya udongo wenye tabaka za waridi, manjano na kijivu, maili baada ya maili. Kambi ya Cedar Pass iko katikati ya maajabu hayo, na baadhi ya viwanja vyake vina umeme. Kondoo wa porini wenye pembe za kuviringana wanapita majabalini, na nyakati za kiangazi walinzi wa hifadhi huwaonyesha wageni nyota kwa darubini.

Kambini: hapa ndipo penyewe

Kufika kambini ni kazi yenye mpangilio, na mpangilio wake unapendeza. Kwanza unasawazisha gari kwa vibao chini ya matairi. Kisha unachomeka umeme. Plagi ya ampea 30 inatoa wati 3,600, kwa hiyo kiyoyozi na maikrowevu vipeane zamu. Kambi yenye bomba la maji, unafunga kwanza kidhibiti shinikizo ili mabomba ya ndani yasipasuke, kisha mpira mweupe uliotengenezwa kwa maji ya kunywa.

Sasa bonyeza kitufe cha turubai. Kivuli kinajikunjua pembeni mwa gari, unatoa viti viwili na mkeka, na hapo unaelewa kwamba kumbe umesafiri na baraza! Baraza ile ile ya kwetu pwani, inayotazama njia, ambapo apitaye husalimiwa na asalimiwaye hukaa. Kambi za Marekani zina adabu hiyo hiyo. Watu wanapita na mbwa wao jioni, wanasimama, wanauliza umetoka wapi. Nchi hii ambayo mjini jirani hujui jina lake, kambini jirani anakuletea kuni bila kuombwa. Tulitandika miswala chini ya turubai, kibla kaskazini-mashariki, na tulipomaliza mzee mmoja aliyekuwa akingoja kwa heshima pembeni akatuletea mahindi mabichi kutoka shambani kwake. Mke wangu akamjaza chapati. Walikaa nasi hadi usiku, yeye na mkewe.

Najua mnangoja niseme habari ya choo. Iko hivi: maji ya sinki na bafu yana tangi lake, na ya choo lake. Kwenye kituo cha kumwagia unavaa glavu, unafunga bomba nene, unafungulia kwanza tangi la choo hadi liishe, ndipo unafungulia la sinki na bafu, ili maji yenye sabuni yasafishe bomba. Ukifuata utaratibu huo ni kazi fupi na safi. Isimzuie mtu.

Gharama

Petroli ndiyo inayokula. Tangi la galoni 55, na gari la aina hii huenda kama maili 8 hadi 10 kwa galoni. Panga safari yako kwa hesabu hiyo. Lakini sikilizeni neema hii: raia na mkaazi wa kudumu wa Marekani aliyetimiza miaka 62 ana haki ya kadi ya wazee ya hifadhi za taifa, dola 20 kwa mwaka au dola 80 kwa maisha yote. Inafungua zaidi ya maeneo 2,000 ya serikali ya shirikisho, pamoja na wote mlio nao kwenye gari lenu, na katika kambi nyingi za serikali hiyo inakupunguzia nusu ya ada. Dola 80, hadi mwisho wa maisha! Sijui zawadi nyingine ya uzee inayoizidi hiyo.

Jambo la bima ya afya liangalieni kabla ya kuondoka. Medicare ya asili inakubaliwa na daktari yeyote nchini anayepokea Medicare, ilhali mipango mingi ya Medicare Advantage ina mtandao wa madaktari wa eneo lako tu. Anayetaka kuzunguka nchi aulize mapema.

Kasoro

Zipo, na nazisema wazi. Gari likiwa mwendoni vyombo vinalia. Tulivifunga kwa taulo, vikanyamaza. Vitasa vya makabati ya gari letu vilikuwa dhaifu mno kwa chombo cha bei hiyo, na kona kali zilifungua mlango wa kabati. Upepo wa pembeni katika nyanda za South Dakota unasukuma, unadai mikono miwili kwenye usukani na mwendo wa chini. Na si kila njia ni yako: Needles Highway ndani ya Custer State Park ina handaki la mawe lenye upana wa futi 8 tu, halipitishi gari hili. Egesha, panda basi dogo la watalii, ukaone. Nyati wa Kimarekani wenye nundu utawaona vizuri vile vile kwenye barabara pana za hifadhi hiyo.

Nani aende?

Wewe! Na usinunue kwanza. Kodi, nenda, lala ndani, pika ndani, ndipo uamue. Mwezi wa Septemba ndio bora, shule zimefunguliwa na kambi zina nafasi. Wala msidhani safari hizi ni ngeni kwetu. Wally Byam, mwanzilishi wa kampuni ya Airstream, aliongoza msafara wa matela 41 ulioanza Cape Town mwaka 1959 ukafika Cairo, na ulipita Kenya. Wazee wetu waliwaona hao wakipita na nyumba zao. Sasa ni zamu ya watoto wa wazee hao kuzungusha nyumba katika nchi ya Byam.

Sisi tumeshaamua. Majira ya baridi, theluji ikiifunika Minnesota, tutateremka Quartzsite, Arizona, ambako wastaafu hukusanyika kwa maelfu jangwani, kwenye ardhi ya serikali inayoruhusu kukaa kuanzia Septemba 15 hadi Aprili 15. Hapo ndipo alipozikwa Haji Ali, mtunza ngamia kutoka dola la Uthmaniyya, aliyeletwa Marekani mwaka 1856 pamoja na ngamia wa jeshi. Kaburi lake lina piramidi ya mawe yenye ngamia wa shaba juu yake. Tutamzuru na kumwombea. Mkiwa njia hiyo Januari, tafuteni gari lenye turubai wazi na harufu ya iliki. Piga hodi, utaitikiwa kwa Kiswahili, na mahali pa kulala watoto papo.