Mkwaruzo Unaoutii Mkono: Namna ya Kuchagua Pedali ya Ovadraivu

Mwaka 1982 kampuni ya Ibanez ilitoa pedali ya kijani iitwayo TS9, ikachukua nafasi ya TS808 iliyokuwa sokoni tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Zote mbili zina jina la Tube Screamer. Leo TS808 ya zamani huuzwa kwa bei inayoizidi TS9 mpya mara kadhaa, na wapo wapiga gitaa wanaoapa kwamba haina mfano. Ukizifungua na kuzilaza mezani, tofauti kubwa kwenye njia ya sauti ni resista mbili zilizo karibu na jeki ya kutokea: TS808 ina ya omu 100 na ya omu 10,000, TS9 ina ya omu 470 na ya omu 100,000. Vidude viwili vya ukubwa wa punje ya mchele, ambavyo fundi redio anavibadilisha kabla chai yake haijapoa.

Anayetaka kununua pedali ya ovadraivu na aanzie hapo. Bei, rangi na jina la mpigaji maarufu ni mashahidi dhaifu. Mashahidi wa kuaminika ni wawili: namna pedali inavyouitikia mkono wa mpigaji, na namna gitaa linavyosikika bendi nzima ikiwa kazini.

Kwanza kazi yenyewe. Amplifaya za vali, zile zenye taa za glasi ndani, zilipofunguliwa sauti hadi mwisho katika miaka ya 1950 na 1960 zilielemewa. Vilele vya mawimbi ya sauti vilipinda, na gitaa likapata mkwaruzo mnene, mtamu, unaodumu kwenye uzi muda mrefu kuliko kawaida. Ila utamu huo ulipatikana kwa makelele ya kumtoa jirani nyumbani. Ovadraivu ilibuniwa ili mkwaruzo ule upatikane hata kwa sauti ya kawaida. Boss, tawi la kampuni ya Roland ya Japani, ilitoa OD-1 mwaka 1977. Tube Screamer ikafuata, ikiwa kazi ya Susumu Tamura wa kiwanda cha Nisshin kilichokuwa kikiitengenezea Ibanez pedali.

Wengi huichanganya ovadraivu na ndugu zake, distoshini na fazi. Mfano wa mlango mfupi unasaidia. Wimbi kubwa la sauti ni mtu mrefu anayetaka kuingia ndani. Ovadraivu humwinamisha, akaingia akiwa mzima. Distoshini, kama RAT ya mwaka 1978, humkata kichwa pale pale kizingitini. Fazi, iliyotangulia zote kwa Maestro Fuzz-Tone ya mwaka 1962, humponda hadi abaki umbo la sanduku. Zote zina mahali pake katika muziki, lakini ni ovadraivu peke yake inayotakiwa kubakiza tabia ya gitaa na ya mpigaji, na hivyo ndiyo inayodai sikio kali zaidi wakati wa kuinunua.

Basi mkono. Mpigaji aende dukani na gitaa lake mwenyewe, na kama inawezekana aombe amplifaya inayofanana na aliyo nayo nyumbani. Pedali inayosikika vizuri kupitia Fender kubwa ya vali inaweza kukosa ladha kwenye amplifaya ndogo ya transista. Aweke nobu ya draivu, ile ya mkwaruzo, katikati, ya toni katikati, kisha alinganishe levo, ile ya sauti inayotoka, mpaka sauti iwe na kimo kimoja pedali ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa. Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayowaponza. Sikio la binadamu hupenda kilicho na sauti kubwa zaidi. Pedali inayopiga kelele zaidi itaonekana bora hata kama ni takataka.

Sasa apige kodi moja ya wazi, tuseme E, kwa nguvu. Aiache ilie. Kisha aipige tena kwa ncha za vidole, polepole, kama anayebembeleza mtoto. Ovadraivu nzuri itakwaruza kwenye pigo la kwanza na kusafika kwenye la pili, na katikati ya hayo mawili patakuwa na ngazi nyingi, si mbili tu. Halafu mkono uende kwenye nobu ya sauti ya gitaa. Ishushwe kutoka 10 hadi 6, kisha hadi 4. Mkwaruzo unapaswa kuondoka taratibu, kama maji yanayokupwa, mpaka gitaa libaki safi. Pedali ambayo mkwaruzo wake haupungui, au unaokatika ghafla na kuacha sauti iliyokufa, irudishwe kwenye kioo cha duka. Anayepiga na pedali ya namna hiyo atalazimika kuikanyaga kila ubeti unapobadilika, wakati mwenzake anafanya kazi ile ile kwa kidole kidogo.

Jaribio la pili ni la nyuzi mbili kwa pamoja, kisha kodi yenye noti ya saba ndani yake. Sikiliza kama kila noti bado ina jina lake. Mkwaruzo ukizidi, noti zinazopigwa pamoja huzaa sauti nyingine ambazo hakuna aliyeziomba, na kodi inageuka uji. Katika Tube Screamer sauti asilia ya gitaa hupita pamoja na ile iliyopindwa, na hiyo ni sababu moja ya kodi zake kubaki zikisomeka.

Shahidi wa pili, bendi, hapatikani dukani. Hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha. Mtu anapiga peke yake, anasikia pedali yenye besi nzito na trebo inayong'aa, anaipenda, anailipia. Jumamosi anasimama jukwaani, gitaa halisikiki. Besi yake imemezwa na gitaa la besi na ngoma kubwa, trebo yake imefunikwa na matoazi, na mahali pa katikati, ambapo gitaa linaishi, hakuna kitu.

Tube Screamer ilipata umaarufu wake kwa kulitatua jambo hili, ingawa dukani wengi huiona nyembamba. Ndani yake hatua inayokwaruza huongeza nguvu kikamilifu kwa sauti zilizo juu ya hezi 720 hivi, na kadiri unavyoshuka chini ya hapo ndivyo nguvu inavyopungua. Kisha kichujio cha toni hupunguza sauti za juu. Kinachobaki ni nundu katikati. Uzi mnene wa gitaa, ule wa E, unalia kwa hezi 82, na uzi wa chini kabisa wa besi kwa hezi 41. Pedali inaiachia besi chumba chake, na gitaa linasimama kwenye chumba chake. Stevie Ray Vaughan wa Texas alikuwa akiziweka Tube Screamer mbele ya amplifaya za Fender, ambazo kwa asili zina bonde kwenye sauti za kati. Nundu ikaingia bondeni. Kwa mwenye amplifaya ambayo tayari ina sauti za kati nyingi, pedali hiyo hiyo inaweza kuziba pua ya gitaa, na afadhali achukue Blues Driver ya Boss, ya mwaka 1995, ambayo ina besi zaidi na haina nundu kali.

Ukweli mwingine uliofichika ndani ya pedali ile ya kijani: hata nobu ya draivu ikiwa imefungwa kabisa, hatua inayokwaruza bado huzidisha sauti mara 12 hivi, na ikifunguliwa yote hufika karibu mara 118. Ndiyo maana wajuzi hawaipigi ikiwa imejaa. Wanafunga draivu, wanapandisha levo, na kuiacha amplifaya ya vali ielemewe yenyewe. Wapigaji wa metali hufanya vivyo hivyo mbele ya amplifaya zenye mkwaruzo mwingi. Shida yao ni besi inayotapakaa, na pedali huibana.

Mpangilio huo unamfaa pia mpiga solo wa dansi, rumba au benga. Huko gitaa linatakiwa kuwa safi, linalometameta, na mkwaruzo wa wazi ungeharibu ladha. Lakini draivu ikiwa chini kabisa na levo imepanda kidogo, pedali inakuwa ya kumwinua mpigaji wakati wa kuingia kwenye sebene: sauti inasogea mbele, noti zinadumu kidogo zaidi, na msikilizaji hajui kilichotokea. Iwekwe kabla ya pedali za korasi na dilei, si baada yake, la sivyo mwangwi wenyewe utakwaruzwa.

SD-1 ya Boss, iliyotoka mwaka 1981, inastahili neno lake. Ndani yake mawimbi hupindwa na dayodi tatu, mbili upande mmoja na moja upande wa pili, kwa hiyo vilele vya juu na vya chini havipindwi sawasawa. Masikio mengi huusikia mkwaruzo huo kuwa na mchanga mchanga zaidi kuliko wa Tube Screamer, ambayo pande zake ni sawa. Ni pedali ya bei nafuu, bati lake halijui kuchoka, na anayeanza akinunua hii hajapungukiwa.

Kwenye ncha ya pili ya soko kuna Klon Centaur. Bill Finnegan alianza kuiuza mwaka 1994 huko Massachusetts, Marekani, na zilitengenezwa takriban 8,000 tu. Saketi aliimwagia gundi ngumu ili isinakiliwe. Mafundi waliikwangua, wakaisoma, na sasa nakala zake zimejaa kila soko. Waliyoyakuta ni kazi ya akili kweli: sauti safi inachanganywa na ile iliyokwaruzwa na dayodi za germaniamu, na umeme wa volti 9 unapandishwa ndani ili pedali iwe na nafasi kubwa kabla ya kuelemewa. Anayelipa maelfu ya dola kwa ile ya asili ananunua historia, na hiyo ni haki yake. Anayetaka sauti atosheke na nakala nzuri, maana saketi hiyo haina tena siri.

Mikono inunue pia, si masikio pekee. Chomeka waya na uutikise kwenye jeki; jeki imara haitoi chakarachakara. Zungusha kila nobu taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho huku pedali ikiwa imewashwa, na ukisikia mikwaruzo ya vumbi, ujue nobu imechakaa. Kanyaga swichi mara kumi. Fungua draivu yote bila kugusa nyuzi: sauti ya mvua ya mbali ni ya kawaida, mvumo wa jenereta si wa kawaida. Kwa pedali ya mtumba, uliza kama imewahi kufunguliwa, kisha angalia skurubu. Zikiwa zimeliwa vichwa, umeshapata jibu.

Kuna kosa moja linalofanya pedali nyingi nzuri zilaumiwe bure, hasa makanisani na kwenye kumbi ndogo. Gitaa linaingia kwenye pedali, pedali inaingia moja kwa moja kwenye miksa, na kinachotoka kwenye spika za ukumbi ni nyuki ndani ya debe. Pedali haina hatia. Spika ya gitaa ya inchi 12 hupunguza sana sauti zilizo juu ya hezi 5,000 hivi, na mkwaruzo umetegemea uchujaji huo tangu mwanzo. Spika za ukumbi zinapitisha kila kitu. Dawa ni kuweka maikrofoni mbele ya amplifaya ya gitaa, au kupitisha sauti kwenye kifaa kinachoiga spika kabla haijafika kwenye miksa. Pasipo na vyote viwili, mpiga mitambo ashushe trebo ya chaneli hiyo bila huruma.

Umeme nao una hila zake. Pedali nyingi za aina hii hutumia volti 9, na hasi iko katikati ya plagi. Adapta yenye chanya katikati inaweza kuua pedali siku ya kwanza. Na anayetumiwa pedali na ndugu aliyeko Marekani aisome adapta kabla ya kuichomeka ukutani: ikiwa imeandikwa volti 120 pekee, umeme wetu wa volti 230 hadi 240 utaiunguza. Ikiwa imeandikwa 100–240, haina tatizo.

Asiye na adapta atumie betri, kwa kuwa pedali ya ovadraivu hula umeme kidogo mno. Lakini ajue kwamba katika karibu pedali zote hizi swichi ya mguu haizimi betri. Kinachoiwasha ni waya kuchomekwa kwenye jeki ya kuingilia. Mazoezi yakiisha, chomoa waya huo. Ukiuacha usiku kucha, betri inaendelea kuliwa hata kama taa imezimwa.