Istilahi za Patholojia: Neno Moja Lisibebe Maradhi Manne

Makala haya yanakusudia kuyapima maneno yanayotumika katika Kiswahili kuelezea maradhi ya viungo vya mwili wa binadamu, yaani istilahi za patholojia. Hatukusudii kuhesabu maneno tuliyo nayo na tuliyopungukiwa. Kazi hiyo imekwisha fanywa mara nyingi, na jawabu limekuwa lile lile, kwamba tunayo machache na tunahitaji mengi. Sisi tunashika njia nyingine. Tunadai kwamba kasoro kubwa ya istilahi hizi si uchache wake bali ni mgawanyo mbaya wa kazi: maneno machache yametwishwa maana nyingi mno, na hali maneno mengine yaliyo mazuri yamekaa bure.

Jambo hili si la kamusi peke yake. Mwanafunzi wa udaktari wa Tanzania hujifunza kusoma na kuhesabu kwa Kiswahili, kisha huhamia Kiingereza katika shule ya sekondari, na patholojia yote huisoma kwa lugha hiyo. Mnamo mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kitumike kufundishia sekondari na hatimaye vyuo vikuu, lakini pendekezo hilo halikutekelezwa. Hata hivyo, siku mwanafunzi huyo anapoingia wodini, mgonjwa humngojea kwa Kiswahili. Basi daktari hugeuka kuwa mfasiri asiyefundishwa kufasiri, na kila asubuhi hutunga istilahi zake mwenyewe kando ya kitanda.

Namna elimu hii ilivyojengwa

Hapana budi kwanza tueleze patholojia inavyofundishwa, kwa sababu umbo la elimu ndilo linaloamua umbo la istilahi zake. Mwaka 1761 Giovanni Battista Morgagni, mwalimu wa Padova nchini Italia, akiwa na umri wa miaka 79, alitoa kitabu kikubwa juu ya makao na sababu za maradhi kama zilivyodhihirishwa kwa kupasua maiti. Tangu hapo swali la tabibu likawa: maradhi yamekaa katika kiungo gani? Mwaka 1858 Rudolf Virchow wa Berlin akalisogeza swali mbele, akafundisha kwamba maradhi hayana budi kutafutwa katika seli.

Kutokana na urithi huo, somo limegawanyika sehemu mbili. Katika patholojia ya jumla mwanafunzi husoma mienendo ya maradhi, kama vile kufa kwa seli, kuganda kwa damu ndani ya mishipa, na kuzaliana kwa seli pasipo mpaka. Katika patholojia ya mifumo hukutana tena na mienendo ile ile, safari hii katika moyo na mishipa ya damu, mapafu, ini, figo, ubongo na viungo vya uzazi. Mwenendo hufundishwa mara moja, na viungo huupokea kila kimoja kwa namna yake. Kwa hiyo istilahi za elimu hii ni kama nguo ya mfumi: majina ya viungo ni mtande, na majina ya mienendo ni mshindio. Majina ya viungo tunayo, tena ya kale na yenye nguvu: ini, figo, pafu, wengu, kongosho, nyongo. Kasoro imo katika mshindio. Na uzi mmoja wa mshindio ukilegea, hulegea katika upana wote wa nguo.

Uvimbe

Tulichukue neno uvimbe, ambalo ndilo lililoonewa kuliko yote. Katika vyumba vya matibabu neno hili hufanya kazi nne. Kwanza, hutaja jawabu la mwili kwa jeraha au vijidudu, ambalo huleta wekundu, joto, maumivu na kuvimba. Pili, hutaja maji yaliyojaa katika tishu, kama miguu ya mgonjwa wa moyo au wa figo. Tatu, hutaja kifuko chenye majimaji. Nne, hutaja nyama mpya iliyoota mahali isipotakiwa, iwe ya saratani au isiwe. Mambo haya manne hayana chanzo kimoja, wala dawa moja, wala mwisho mmoja.

Tazama basi madhara yake. Mama anaambiwa kwamba ana uvimbe katika mfuko wa uzazi. Aghalabu kinachokusudiwa ni vinundu vya misuli ya mfuko huo, ambavyo vimeenea sana miongoni mwa wanawake na ni nadra mno kuwa saratani. Lakini jirani yake alifiwa na dada kwa uvimbe wa titi, na neno ni lile lile. Mmoja hukimbia hospitali asirudi. Mwingine, aliyekwisha kusikia kwamba uvimbe huwa hauna neno, hukaa nyumbani na saratani inayokua. Wote wawili wamepotezwa na neno moja.

Mtu asidhani kwamba jambo hili ni aibu ya Kiswahili peke yake. Celsus, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza, alizitaja dalili nne tulizozitaja hapo juu, na ile ya kuvimba aliiita kwa Kilatini tumor. Neno hilo lilipopokewa na lugha za Ulaya, baada ya muda mrefu liliachiwa kazi ya kutaja nyama iliyoota, na dalili zile nne zikapewa jina jingine. Wenzetu walikuwa na neno moja lililobeba mzigo wa mawili, wakautua mmoja. Nasi twaweza kufanya vivyo hivyo.

Kwa kazi ya kwanza liko neno mchochota, ambalo baadhi ya watunga kamusi wamekwisha kulitumia. Limetokana na kitenzi -chochota, yaani kuwasha na kuuma kama kidonda kilichotiwa chumvi. Wako wanaolipinga wakisema kwamba linataja maumivu tu na kuacha joto na wekundu. Hoja hiyo haina uzito. Uvimbe nao hutaja dalili moja tu, na mwako, ambalo wengine hulipendelea, hutaja moja nyingine. Istilahi hailazimiki kueleza kila kitu kilichomo katika dhana. Inalazimika kuwa huru, isiwe imekwisha kuajiriwa kwingine. Mchochota ni neno huru.

Kwa kazi ya tatu, kifuko kinatosha. Kwa kazi ya nne tunapendekeza mmeo lichunguzwe. Wananchi husema kwamba mtu ameota nyama puani, na lugha yao ni sahihi kabisa. Lakini -ota imekwisha kushikwa na ndoto na kuota moto, na jina litakalotokana nayo litagongana na moto wenyewe. Kitenzi -mea ni ndugu yake asiye na mzigo huo. Tutasema mmeo wa saratani na mmeo usio wa saratani. Uvimbe nao utarudi nyumbani kwake, kutaja kile ambacho jicho huona na mkono hupapasa kabla sababu haijajulikana. Na penye maji tutasema uvimbe wa maji.

Homa

Neno la pili ni homa. Katika homa ya matumbo halina kosa, kwa kuwa joto la mwili ndiyo dalili kuu ya ugonjwa huo. Lakini tumelipeleka pia katika homa ya ini na homa ya uti wa mgongo, na huko linapotosha. Ini huweza kuchochotwa na virusi, na pombe, na baadhi ya dawa, hata na kinga ya mwili wenyewe. Na mtu aliyeambukizwa virusi vya aina ya B huweza kukaa miaka mingi bila joto lolote, akawaambukiza wengine na ini lake likiharibika. Mtu huyo akiambiwa kwamba ana homa ya ini, hujigusa paji la uso, akajiona mzima, akaenda zake. Ama homa ya uti wa mgongo, jina lake huelekeza katika mifupa, hali ugonjwa umo katika tando zinazofunika ubongo na ugwe wake. Mchochota wa ini na mchochota wa tando za ubongo ni majina yanayosema kweli, na mwanafunzi aliyekwisha kuuelewa mchochota mara moja atayaelewa yote mawili bila kufundishwa upya.

Hatusemi kwamba kila jina lisilo sahihi kwa asili yake libomolewe. Kifua kikuu hushika pia mifupa na tezi, nasi husema kifua kikuu cha mifupa bila mtu kucheka. Baridi yabisi ni mabaki ya utabibu wa kale uliopima miili kwa baridi na joto, ukavu na unyevu. Yabisi ni neno la Kiarabu lenye maana ya kikavu. Majina haya yaachwe, kwa sababu kila moja lina kazi moja inayojulikana. Kipimo chetu ni kazi ya neno leo, si ukoo wake.

Moyo na shinikizo

Katika mfumo wa moyo hatari ni ya namna hiyo hiyo. Magazeti huandika mshtuko wa moyo kwa mambo matatu: mshipa wa moyo ulioziba na misuli kufa, moyo uliosimama ghafla, na moyo uliochoka kusukuma damu. La kwanza huweza kuleta mengine mawili, lakini si mamoja. Vilevile husemwa kwamba fulani ana presha, au ana shinikizo la damu, na hali kila aliye hai anayo. Mwandishi wa bango la afya ataje shinikizo kubwa la damu kwa ukamilifu wake, asiogope urefu.

Ngeli ya KI-VI

Lugha yenyewe imetuonyesha njia iliyo fupi zaidi. Wagiriki walitumia kiambishi -itis, ambacho hapo mwanzo kilikuwa na maana ya kuhusu tu, na matabibu wa baadaye wakakifunga katika mchochota. Sisi tunacho kiambishi awali ki-: kutoka -kohoa tumepata kikohozi, kutoka -choma kichomi, kutoka -ungulia kiungulia, na kutoka sukari kisukari. Jina hili la mwisho ni fundisho kubwa. Sukari imebaki kuwa chakula, na maradhi yamepata jina lake, kwa silabi moja tu. Twaweza kujaribu kishinikizo kwa njia hiyo, ijapokuwa kiambishi hiki pia hudogosha, na mtungaji lazima aangalie kwamba maradhi makubwa yasisikike kama madogo.

Hitimisho

Watasema baadhi kwamba mwananchi hatalijua neno mchochota. Kabla ya miaka ya 1980 hakulijua neno UKIMWI, na leo hakuna kijiji kisicholijua. Neno hujulikana kwa kutumiwa, na watumiaji wa kwanza ni wafasiri wa vijitabu, walimu wa biolojia, na maafisa wanaoandika fomu na mabango. Tunashauri kwamba kabla ya kusanifisha jina la maradhi ya kiungo chochote, majina ya mienendo yasanifishwe kwanza, yawe machache, kila moja na kazi yake. Mgonjwa anayeambiwa jina la ugonjwa wake ana haki ya kulielewa kwa maana moja tu.